Dakika Kumi na Moja za Idunyale

Watu wa aina mbili walikuwa wakimwambia Dk. Subilaga Mwakyoma kwamba anapoteza umri wake bure. Wanafizikia wenzake walisema anafukua makaburi: mtu aliyesomea joto la nyota, anakaaje miezi mitatu akisoma shajara za watu waliokufa kabla umeme haujafika Tukuyu? Wanahistoria nao walimkaribisha kwenye mikutano yao, wakamsikiliza kwa adabu, na wakati wa chai wakamwomba awatazamie kipaza sauti, maana kimegoma. Kwa miaka ishirini na sita alikaa hapo katikati. Mama yake, aliyekuwa akiuza ndizi na maparachichi kwa jumla pale Kiwira, alimkumbusha mara nyingi kwamba mshika mbili moja humponyoka.

"Sijashika mbili, mama," Subilaga alimjibu. "Nimeshika kitu kimoja chenye ncha mbili. Kuna watu walitazama juu. Nataka kujua waliona nini, na nataka kujua walikuwa nani."

Halafu Kisogo kikagunduliwa, na ghafla kila mtu akawa anamtafuta.

Kisogo kilikuwa shimo jeusi dogo, umbali wa miaka-nuru tisini na nne kutoka duniani. Nuru ikilisogelea mno shimo la namna hiyo, humezwa. Ikipita mbali, hupinda kidogo ikaenda zake. Lakini kati ya hizo mbili pana njia nyembamba kuliko uzi wa buibui, na nuru inayoipata njia hiyo huzunguka mgongo wa shimo na kurudi ilikotoka. Nuru ya dunia iliyokwenda kule ikarudi ilikuwa imesafiri miaka mia moja na themanini na minane. Aliyeipokea aliiona dunia kama ilivyokuwa siku ilipoondoka. Mmoja wa wagunduzi alisema ni kama mtu kutazama mbele yake akaona kisogo chake mwenyewe, na jina likabaki hilohilo.

Vioo mia tatu na arobaini vilitawanywa angani kuikusanya nuru hiyo, na amri za kuvigeuza zilitoka Kituo cha Ikuvala, juu kabisa ya uwanda wa Kitulo, mahali ambapo hata mwezi wa kumi watu huvaa makoti mawili. Sura za watu hazikuonekana. Chembe moja ya picha ilikuwa sawa na hatua ya mtu mzima, na kutoka juu kichwa cha binadamu ni nukta tu. Vilivyoonekana ni vivuli. Jua la zamani likiwa chini, vivuli vikarefuka, ungeweza kusema huyu ng'ombe, huyu mtu, huyu mtu amebeba mzigo.

Na nuru haina subira. Ile ya asubuhi fulani ikifika huku vioo vimeelekezwa kwingine, imepita, na hakuna atakayeiona tena. Kwa hiyo nafasi za kutazama, zilizoitwa madirisha, ziligombaniwa na dunia nzima. Katika miaka minne, koo mbili zilizopelekana mahakamani kwa vizazi vitano kuhusu bonde moja zilikuta kwamba wakati ule bonde lilikuwa ziwa. Mji mmoja uliona kwamba ngome ya mwanzilishi wake, ile iliyochorwa kwenye stempu, haikuwapo. Watu walilia, wengine walicheka. Mwishowe ikatungwa Sheria ya Nuru, na kifungu chake kikuu kilikuwa kifupi: nuru iliyokwisha kupita miaka mia haina mwenyewe.

Subilaga alipewa dirisha moja, juu ya msitu wa Idunyale. Dakika kumi na moja.

*

Zilikuwa zimebaki siku tisa mlinzi alipopiga simu kutoka getini.

"Daktari, kuna mama hapa anakuulizia. Anasema na yeye ni daktari, ila wa ng'ombe."

Mgeni alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, amevaa buti za mpira na koti la sufu, helmeti ya pikipiki ameikumbatia kifuani. Jina lake Twilumba Chaula. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kwa pikipiki ya umeme, na matope yalikuwa yamemfika magotini.

"Kamwene," alisalimu.

"Kamwene. Karibu ukae. Chai?"

"Chai nitakunywa. Lakini kwanza nikuulize, nisije nikanywa chai ya mtu kabla sijamgombeza. Wewe ndiye unayetaka kutazama Idunyale?"

Subilaga alicheka kidogo, halafu akaona kwamba mgeni hacheki. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Subilaga alikuwa akilingoja maisha yake yote. Alimweleza kila kitu. Alimweleza juu ya shajara ya mmisionari mmoja aliyeishi chini ya milima ile, ambayo yeye Subilaga aliikuta ndani ya sanduku la nyimbo za kanisa, nusu imeliwa na mchwa. Mmisionari aliandika mistari miwili tu: *Jana watu wa Idunyale walizima mioto yao yote, wakaingia msituni tangu asubuhi. Leo jua limekuwa kama mundu.*

"Unaona?" Subilaga alisema, na alijisikia sauti ikimpanda. "*Jana.* Siku moja kabla. Jua halijapatwa bado, nao wamekwisha zima mioto. Walijua! Kuna mzunguko wa miaka kumi na minane na siku kumi na moja, kupatwa kunarudi. Kuujua mzunguko huo kunataka vizazi vya watu wanaotazama na kuhesabu bila kukosea. Vitabu vyote vinasema huku kwetu hapakuwa na mtu aliyefanya hivyo. Nimeandika makala saba kusema walikuwapo, na mara saba nimejibiwa kwamba mmisionari alikosea tarehe."

"Kwa hiyo unataka kuona msitu siku hiyo ya jana yake."

"Nataka kuona kama waliingia kweli. Na kama ndani mna kitu, mawe yaliyopangwa, uwanja, chochote cha kuhesabia. Wakati ule miti ilikuwa michache katikati, picha hafifu za majaribio zinaonyesha pana uwazi. Dakika kumi na moja zinatosha."

Twilumba alikishika kikombe kwa mikono miwili. Ukungu ulikuwa umeegemea dirishani.

"Mimi ni mmoja wa wanaotunza Idunyale," alisema. "Bibi yangu alikuwa, na mama yake kabla yake. Nimekuja kukuomba usitazame."

"Dada, sheria..."

"Sheria nimeisoma. Nuru haina mwenyewe. Sikuja na sheria, nimekuja na miguu yangu."

"Lakini hao watu wamekufa zamani. Hakuna atakayedhurika."

"Wewe umesomea watu waliokufa zamani, siyo? Ndiyo kazi yako." Twilumba alimtazama usoni. "Sasa niambie. Mtu wa miaka mia mbili iliyopita akikuachia kitabu, unakiheshimu. Akikuachia neno lake kwamba *hapa usiingie*, hilo siyo maandishi?"

Subilaga alinyoosha mkono kwenye birika. Alikuwa amezoea kupingwa na watu waliosema Idunyale hapakuwa na kitu. Hakuwahi kupingwa na mtu aliyesema kipo.

"Chai inapoa," alisema hatimaye.

"Na Wanyakyusa mkizidiwa mnakimbilia chakula," Twilumba alisema, na hapo kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Njoo Jumamosi. Njoo uone mahali penyewe kwa nje. Usiseme sikukukaribisha."

*

Idunyale hapakuwa na uzio. Mashamba ya viazi yalipanda kilima kwa mistari, halafu yakakoma, na baada yake palikuwa na ukanda wa nyasi ndefu zisizokatwa, upana wa kama barabara ya gari. Baada ya nyasi ulianza msitu, mweusi, umejaa ndevu za kuvu kwenye matawi. Barabara ya lami ilipita nusu kilomita tu kutoka hapo.

"Watu hawaingii?" Subilaga aliuliza.

"Waingie wafuate nini?"

"Hata watoto?"

"Watoto ndio walinzi wakubwa. Mtoto ukimwambia kitu kimoja tu duniani kisichoguswa, atakilinda kuliko polisi."

Walisimama kwenye ukingo wa nyasi. Subilaga aliuona mpaka ule waziwazi: majani mafupi yaliyoliwa na ng'ombe upande huu, marefu upande ule, kana kwamba hata ng'ombe walikuwa wameambiwa. Makala saba, na kitu chenyewe kilikuwa hapo mbele, hatua themanini labda, nyuma ya miti.

"Nikuulize moja," alisema. "Walijua? Walijua jua litapatwa?"

Kunguru alipita juu yao, akazunguka, akarudi alikotoka.

"Swali lako ni zuri," Twilumba alisema. "Jibu silo langu kulitoa. Na si kwamba nakuficha tu. Jibu lote sinalo."

"Kivipi?"

"Nilipofika miaka thelathini bibi aliniingiza, akanionyesha upande wetu. Upande mmoja. Kuna upande wa pili unaoshikwa na ukoo mwingine, sisi hatuuoni. Na wao wetu hawauoni. Ndivyo walivyoamua waliotutangulia, ili asitokee mtu mmoja akasema *hiki ni changu*. Tunapokutana, kila upande unasema neno lake, na mambo yanakwenda." Alijifunga koti vizuri. "Sasa wewe na vioo vyako, kwa dakika kumi na moja, utaona pande zote mbili kwa mpigo. Utaona kitu ambacho hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukiona chote. Hata waliokitengeneza."

Alisema hivyo ili kumzuia. Lakini Subilaga, mbele za Mungu, alihisi mate yakimjaa kinywani.

Maarifa yaliyokatwa vipande viwili na kukabidhiwa koo mbili! Hajawahi kusoma jambo la namna hiyo popote. Upande mmoja unahesabu nini? Mwezi? Na wa pili, jua? Ili kupatwa kutabirike, hesabu mbili lazima zikutane. Akili yake ilikuwa imekwisha anza kuchora, na alijua kwamba Twilumba anamwona anavyochora.

"Unajua siku zote nimekuwa nikijiuliza upande wa pili mna nini," Twilumba alisema polepole, bila kumtazama. "Miaka ishirini. Ni karibu na hapa hivi, naweza kwenda kwa miguu. Usidhani wewe peke yako ndiye mwenye hiyo njaa."

*

Profesa Elinami Kilasara, mkuu wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempigania Subilaga kwenye kamati mpaka dirisha likapatikana, wakati wenzake wa mabara mengine walitaka lielekezwe kwenye vinywa vya mito, kupima maji ya zamani. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Vioo vinataka saa hamsini kugeuka na kutulia," alisema. "Maana yake uamuzi ni kesho kutwa mchana. Baada ya hapo hata rais hawezi kuvigeuza. Unajua hilo."

"Najua."

"Na unajua kwamba hili ndilo dirisha moja tu la Idunyale. Siku inayofuata, saa ya kupatwa kwenyewe, upande wetu wa dunia haukuwa umekielekea Kisogo. Kupatwa kwa miaka kumi na minane nyuma, nuru yake ilipita kabla Kisogo hakijagunduliwa; nuru ya miaka kumi na minane mbele itafika mimi na wewe tumekwisha staafu. Nimeangalia."

"Nami nimeangalia."

"Subilaga." Aligeuka. "Tumeambiwa miaka mingapi kwamba hatukuwa na elimu? Tukasoma kwenye vitabu vya watu wengine kwamba babu zetu waliliona jua likipatwa wakapiga ngoma kwa hofu? Leo una uwezo wa kuonyesha kwamba walikuwa wakihesabu. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya kila mtoto atakayesoma. Unamnyima mtoto huyo kwa sababu ya mama mmoja wa mifugo?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Basi fanya hivi," Kilasara aliendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Chukua nuru, usiisome. Iache ghafi kama ilivyokuja, tarakimu tupu, hakuna picha. Funga kwa ufunguo, ufunguo wape wao. Wakitaka watafungua, wasipotaka wataacha. Kosa liko wapi?"

Subilaga hakuliona kosa. Alitoka mbio mbio, akampigia simu Twilumba kabla hata hajafika ofisini kwake, na akampata zizini, akiwa na mtamba aliyekataa kuzaa. Ilibidi asubiri. Alisikia kelele, maji, mtu akisema "mshike, mshike hapo", halafu mlio mwembamba wa ndama. Kisha Twilumba akarudi kwenye simu akihema, na Subilaga akamweleza.

"Maana yake kitakuwa kimekaa kwenu," Twilumba alisema.

"Kimefungwa."

"Kimefungwa kwenu. Daktari, siri iliyofungiwa kabatini kwa mtu mwingine inakuwa amana. Na amana hupokelewa kwa mwenyewe, haichukuliwi kwanza ndipo mwenyewe akaitwa kuambiwa *usijali, nimekutunzia*. Mimi nitafungua? Sitafungua. Mwanangu? Labda hatafungua. Mjukuu wangu siku moja atakuwa na shida, au atakuwa na hasira, au atakuwa tu na hamu kama yako na yangu. Kitu kisichokuwapo hakifunguliwi. Kilichopo kitafunguliwa tu."

"Na ikiwa siku moja nyinyi wenyewe mtasahau? Koo zikiisha? Kitakuwa kimepotea kabisa."

"Ndiyo," Twilumba alisema. "Hilo nalo waliliona. Wakakubali."

Ndama alilia tena.

"Nikupe neno la mwisho, nirudi kazini," alisema Twilumba. "Sitakulaani. Ukitazama, nitakusalimu tukikutana sokoni. Lakini nitakuwa najua, na wewe utakuwa unajua."

*

Kulikuwa na jambo ambalo Subilaga hakumwambia Twilumba, wala Kilasara, wala mtu yeyote.

Alipokuwa na miaka ishirini na saba, akikusanya habari za tasnifu yake, alikaa wiki mbili kwa mzee mmoja karibu na Mpwapwa aliyekuwa na fimbo ya kuhesabia miezi. Fimbo ile ilichongwa alama kwa vizazi sita. Mzee alimruhusu aitazame. Alimruhusu aishike. Alipomwomba apige picha, mzee alikataa, akasema alama zile ni maneno ya baba zake na mwanawe, si ya barabarani. Siku ya mwisho mgeni alibisha hodi, mzee akatoka nje kumpokea, fimbo akaiacha juu ya kitanda cha kamba.

Ilimchukua sekunde ishirini. Picha zile zilimpa shahada, zikampa tuzo yake ya kwanza, zikawekwa kwenye jalada la jarida. Miaka mitatu baadaye aliziona alama za fimbo ile zimechapwa kwenye mapazia ya hoteli moja uwanja wa ndege. Alisimama pale na mzigo wake, watu wakimpita, akiusoma mwezi wa kiangazi cha babu wa mtu kwenye pazia la kuzuia jua. Alirudi Mpwapwa kuomba radhi. Mzee alikuwa amekwisha fariki. Binti yake alimletea kiti, akamletea maji, akakaa naye saa nzima, na hakumwambia neno hata moja.

Ukimya ule Subilaga alikuwa bado anausikia.

Siku ya uamuzi, saa nne na nusu asubuhi, aliingia chumba cha vioo. Fundi Mrope, mtu wa Masasi mwenye vidole vinene na subira ya kobe, ndiye aliyekuwa akipeleka amri za kugeuza. Subilaga alimpa karatasi. Mrope aliisoma, akaisoma tena, akavua miwani.

"Daktari, hizi namba umekosea. Hapa ni kilomita tano mashariki ya Idunyale."

"Sijakosea, fundi."

"Hapa pana nini?"

"Pana mteremko unaitwa Lunyanda. Ni malisho ya watu wote, zamani na sasa. Nimemwuliza mwenye kujua. Hapana mwiko."

"Siulizi mwiko. Nauliza unakwenda kutazama nini."

Subilaga alifikiri, akakuta kwamba hana jibu, na kwamba kutokuwa na jibu hakukumtisha kama alivyodhani. "Sijui. Siku ile ilikuwa siku huko nako. Lazima kulikuwa na kitu."

Mrope akavaa miwani na kuanza kuandika.

Kilasara alipopata habari hakupiga kelele. Alikuja mlangoni, akasimama. "Umeitupa," alisema tu. "Watu wamekufa bila kupata nafasi hiyo, wewe umeitupa." Na kabla hajaondoka aliongeza, kwa uchovu zaidi ya hasira, "Nitalazimika kuiandikia kamati." Barua ya kamati ingekuja baada ya wiki tatu, na ingekuwa kama alivyotarajia: dirisha halitatolewa tena kwa jina lake, na uongozi wa utafiti wa mambo ya kale unahamishiwa kwa mwingine. Katika makala ya nane, ambayo hakuna jarida lililoitaka kwa muda mrefu, angeandika: *Sijui kama walijua. Ningeweza kujua. Nimeeleza hapa kwa nini sikutazama.*

*

Alhamisi, saa tisa alasiri, Twilumba alikuja na buti safi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Fundi Mrope alizima taa za chumba ili skrini ionekane vizuri, na alasiri ya nje ikabaki kwenye ufa wa pazia.

"Inaanza," alisema.

Mwanzoni ilikuwa rangi tu, kijani kilichochanganyika na kijivu, ikitetemeka kama uso wa maji. Kisha mtambo ukaanza kuzipanga chembe, na Lunyanda ikatokea. Ilikuwa asubuhi kule. Jua lilikuwa chini, kila kichuguu kikiwa na mkia wa kivuli.

"Huo ni mto wetu," Twilumba alisema haraka. "Lakini umepinda kwingine. Ona, unapita hapa! Sasa hivi hapo ni ghala la viazi."

"Huo moshi?" Mrope aliuliza.

Palikuwa na moshi mmoja mbali, umelala upande. Subilaga alijizuia kutazama ulikotoka, akajikuta tu anahesabu: moto mmoja unawaka. Mmoja. Asubuhi ile ya mioto kuzimwa. Ni wa nani? Asiyekubaliana na wenzake? Msafiri?

"Kuna mtu," Twilumba alisema.

Alikuwapo. Kivuli kirefu chembamba kilikuwa kikishuka mteremko peke yake, na mbele ya kivuli nukta moja. Kivuli kilikuwa kipana juu. Alikuwa amebeba kitu kichwani. Alitembea, akasimama. Akatembea tena.

"Mwanamke," Twilumba alisema.

"Hatuwezi kujua."

"Mimi najua. Anatua mzigo. Ona anavyopiga goti kwanza. Mwanamume angeuangusha." Alikuwa amesogea mpaka pua yake iko karibu na skrini. "Amekaa. Kwa nini amekaa hapo? Hapo hapana maji, hapana kivuli. Anangoja mtu?"

Dakika ya nne, ya tano. Mtu yule alikaa. Subilaga aliona kitu kidogo kikijitenga na nukta, akadhani ni mtoto, halafu akadhani ni mbuzi, halafu kikarudi kikamezwa na nukta na hakukiona tena. Dakika ya saba aliinuka. Hakuuchukua mzigo. Alipiga hatua kuelekea juu, akageuka, akapiga hatua kuelekea chini. Kivuli chake kilizunguka naye.

"Hajui aende wapi," Mrope alinong'ona.

"Anajua," alisema Twilumba. "Anaogopa tu. Hapana. Ngoja. Anafanya nini na mikono?"

Kivuli kilikuwa kimebadilika umbo. Kilikuwa kimetoa pembe mbili juu, mikono imeinuliwa, au anajifunga kitambaa, au anajikinga jua usoni ili atazame kitu. Subilaga alishika ukingo wa meza. Maswali yalimjia kwa wingi mpaka hakujua la kwanza, na hakukuwa na hata moja kati yake alilowahi kuliandika kwenye makala.

Dakika ya tisa, ukingo mweupe ulitokea upande wa kushoto wa skrini.

"Ni nini hicho?"

"Wingu," alisema Mrope.

Lilikuja polepole, wingu la asubuhi, nene. Lilimeza mto, likameza kichuguu cha kwanza, kisha cha pili. Mtu wa Lunyanda alikuwa ameanza kutembea, sasa kwa haraka, upande ambao hawakuwahi kumwona akielekea, na mzigo bado uko pale pale kwenye nyasi.

"Anaenda wapi?" Twilumba aliinuka kitini, akawa ameinamia skrini, mashavu yamejaa pumzi, kama mtu anayetaka kulipuliza wingu la miaka mia moja na themanini na minane iliyopita liondoke njiani. "Daktari, huyu anaenda wapi?"

"Sijui," Subilaga alisema, huku amesimama bega kwa bega naye, na weupe ukaufunika mteremko wote.